Somo la Kazi: Ukoka na Ujira Wetu

Ndugu wafanyakazi wa bustani,

Somo letu la leo ni ukoka, ambao wenzetu wa Lilongwe huuita kapinga. Mbele ya nyumba za Area 47 ni zulia la kijani. Katika tuta la mboga, huku mjini au kule Dzaleka, ni adui. Yatupasa kuujua, maana ujira wetu unahusika.

Kwanza, unavyoenea. Ukoka hautegemei mbegu tu. Una mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine yapitayo chini kwa chini. Kila shina lina vifundo. Kifundo kikikaa penye udongo wenye unyevu, huteremsha mizizi na kuchipua majani. Tangu hapo mche huo hujitegemea, hata ukitengwa na mama yake. Stroberi huenea kwa njia hiyo, na magugu maji ya mto Shire pia. Hata ukungu wa mkate hutambaza nyuzi zake na kujishikiza hatua kwa hatua.

Pili, hatari ya jembe. Anayeukatakata ukoka na kuuacha udongoni, anaupanda. Shina lenye vifundo kumi likikatwa vipande kumi laweza kuzaa miche kumi.

Tatu, dawa yake. Chimbueni wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Inueni mashina mazima kwa uma wa bustani, kung'uteni udongo, kisha yaanikeni juani mpaka yakauke kabisa. Msiyatupe mabichi kwenye shimo la mboji. Rudieni kila yanapochipua. Halafu pandeni maboga au viazi vitamu vifunike tuta, kwa kuwa ukoka hudhoofika kivulini.

Nne, mapatano. Mwenye nyumba akiona majani mapya baada ya mvua, aweza kusema kazi haikufanyika na kukata malipo. Basi, kabla ya kuanza, mwelezeni kwamba palizi moja haitoshi. Patananeni malipo ya kuchimbua na malipo ya kila marudio. Yaandikwe, pande zote mbili zitie sahihi, nanyi mbaki na nakala.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini kipande kidogo cha ukoka huota tena?
2. Katika kazi yenu ya sasa, marudio yanalipwa? Kama hayalipwi, mtamwambia nini mwajiri?