Mbwa wa Nani? Mwongozo wa Sheria Ndogo ya Mbwa kwa Vijiji vya Kata ya Wampembe

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, mgambo na viongozi wa mialo ya kata ya Wampembe, wilaya ya Nkasi. Ndio wanaoamshwa usiku mbwa anapomng'ata mtu. Mwenye mbwa naye anaweza kuusoma ajue anadaiwa nini.

Kila shauri la mbwa huanza na swali moja: mbwa wa nani? Usiku wezi wa nyavu wanapokurupushwa, mbwa aliyebweka hupata wenyewe watatu, kila mmoja akimsifu. Asubuhi akimng'ata mtoto aendaye shule, wote watatu humkana; eti ni mbwa wa kuzurura tu. Sheria ndogo isiyolijibu swali hili mapema, kabla ya jino kugusa nyama, itaishia kwenye faili la ofisi. Ndiyo maana tunashauri kijiji kianze na daftari la mbwa, na habari za faini zifuate baadaye.

Uwezo wa kijiji unatoka wapi

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, kifungu cha 163, inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Njia yake inajulikana ingawa hufupishwa mara nyingi. Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, huisikiliza na kutoa maoni. Kisha rasimu hupelekwa Namanyere, makao makuu ya wilaya, ili Halmashauri ya Wilaya iidhinishe. Kabla ya idhini hiyo hamna sheria. Mtendaji anayetoza faini kwa nguvu ya muhtasari wa kikao anajitafutia kesi, na mwananchi aliyelipa ana haki ya kudai fedha yake. Kabla ya kuandika neno lolote, mwulizeni mwanasheria wa Halmashauri kama wilaya tayari ina sheria ndogo inayogusa mifugo au usafi wa mazingira, kwa kuwa ya kijiji haiwezi kupingana nayo.

Juu ya sheria ndogo zipo sheria za nchi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamhesabu kuwa mkosaji mtu ambaye kwa uzembe unaohatarisha wengine haweki tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 ndiyo inayoongoza udhibiti wa magonjwa ya mifugo, hivyo mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa lazima aripotiwe kwa afisa mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamlinda mbwa mwenyewe dhidi ya mateso. Hii ya mwisho husahauliwa, nayo inahusu hata mnyororo: kumfunga mbwa juani kutwa bila maji ni kosa la mwenye mbwa, hata kama hajamuuma mtu.

Mwenye mbwa ni nani

Hapa ndipo penye uzito, na hapa rasimu nyingi hulegea. Zikiandika "mmiliki" bila kueleza, mtu atasema hakumnunua mbwa, alikuja mwenyewe akakaa. Tunapendekeza maneno kama haya: "Mwenye mbwa ni mtu yeyote anayemlisha mbwa, anayemlaza kwake, au ambaye nyumba, shamba, chombo au kambi yake inalindwa na mbwa huyo, hata kama hakumnunua wala hakuzaliwa kwake." Mbwa wa mtoto ni wa mzazi au mlezi. Mbwa wa kaya ni wa mkuu wa kaya, awe mwanamume au mwanamke.

Kambi za wavuvi zitajwe kwa jina. Wavuvi wa dagaa huhama kufuata giza na samaki. Wakihama, mbwa hubaki ufukweni akila vichwa vya migebuka na kutisha wapita njia, na mkimwuliza mtu anawaelekeza kwa mwingine aliyekwisha kuondoka. Mkuu wa kambi aandikwe kuwa mwenye mbwa wote wanaolala kambini pake, na asiondoke bila kumjulisha mwenyekiti wa kitongoji anakwenda na wangapi na anamwachia nani waliobaki.

Daftari lenyewe halihitaji ufundi. Andikeni jina la mwenye mbwa na kitongoji chake, jinsi ya mbwa, rangi na alama, umri wa kukadiria, na tarehe ya chanjo ya mwisho. Wekeni pia safu ya matukio: aliuma nani, lini, wapi, akiwa amefungwa au amefunguliwa. Safu hiyo ndiyo itakayozungumza barazani. Mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, na watoto wa mbwa waandikwe wangali wadogo, kwa sababu mbwa wengi wa vijijini hawafikishi miaka mingi na daftari huchakaa upesi kuliko la ng'ombe.

Uandikishaji uwe bure, au gharama iwe ndogo kabisa. Ada kubwa huwafanya watu wawakane mbwa wao, na vitoto vitatupwa porini.

Mchana na usiku

Nyumba nyingi za huku hazina uzio. Kusema "mbwa wote wafungiwe ndani ya ua" ni kuamuru kisichokuwapo. Inayowezekana ni hii: tangu alfajiri hadi jioni mbwa afungwe kwa mnyororo au kamba imara, mbali na njia ya watu, penye kivuli na maji, usiku afunguliwe alinde, ilimradi haingii njia kuu wala kwa jirani. Mbwa aliyekwisha kuuma mtu asifunguliwe bila banda, usiku wala mchana. Mbwa anayefuatana na mchunga ng'ombe anaruhusiwa akiwa na mchungaji mtu mzima anayeitikiwa. Kuwinda na mbwa ni jambo la Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kijiji kisijaribu kutoa ruhusa ambayo hakina.

Mwaloni kuna shida yake. Dagaa wakianikwa mchangani, mbwa hupita juu yao, hula, hujisaidia papo hapo, na minyoo ya mbwa humfikia binadamu kwa njia ya kinyesi. Mnunuzi akiona, bei inashuka kwa wote, hata kwa asiye na mbwa. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kipewe uwezo wa kuwaondoa mbwa eneo la kuanikia, na wenye dagaa wahimizwe kutumia chanja. Matumbo ya samaki na mabaki ya machinjio yafukiwe. Mbwa hukusanyika penye chakula. Kijiji kinachomwaga utumbo ufukweni kinawafuga mbwa wa kuzurura kwa pamoja, kisha kinawalalamikia.

Siku mtu anapong'atwa

Hapa mtendaji asianze na kesi. Aanze na maji na sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Msipake pilipili, masizi, mafuta ya taa wala unga wa betri. Halafu mgonjwa apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chanjo ya binadamu haipo katika kila zahanati, kwa hiyo mtendaji ajue mapema, kwa simu, ipo wapi wiki hiyo, na chombo au gari gani litampeleka mtu. Anayesubiri barabara ya Kitosi ikauke wakati wa masika anauchezea uhai wake. Asisubirishwe kwa ajili ya barua ya ofisi, barua itamfuata.

Virusi vya kichaa cha mbwa hupita kwenye mate, vikapanda kwa njia ya neva hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, lakini zinaweza kuja ndani ya wiki chache au kuchelewa hadi mwaka. Zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo chanjo inaokoa. Hutolewa kwa awamu. Utaratibu mmoja unaotumika ni siku ya kuanza, inayohesabiwa kuwa siku ya 0, kisha siku ya 3, 7, 14 na 28. Mgonjwa afuate tarehe za kadi yake asiikatishe kwa kuwa kidonda kimefunga.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Akiwa bado hai na anakamatika, afungwe na kuchunguzwa na afisa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, daktari anaweza kuamua chanjo za mgonjwa zisimamishwe. Akifa, akitoroka au akianza kutokwa udenda, kubadili sauti, kung'ata miti na mawe au kulegea taya, matibabu yanaendelea hadi mwisho. Tunasisitiza: siku hizo 10 ni za kumchunguza mbwa, mgonjwa anaanza chanjo leo. Ikibidi mbwa auawe, asipigwe kichwani, kwa sababu ubongo ndio unaopelekwa maabara ya veterinari kwa uchunguzi. Watu wengi hupondaponda kichwa, kisha hakuna awezaye kujua kama kichaa kilikuwapo. Na mwili usichunwe kwa mikono mitupu.

Nani analipa

Katika sheria ya madhara tuliyoirithi kwa Waingereza, mdai alipaswa kuonesha kwamba mwenye mbwa alijua mbwa wake ni mkali, au kwamba alizembea. Huko ndiko wenye mbwa wanakotorokea: "hajawahi kuuma mtu." Sheria ndogo iliyoidhinishwa inaufupisha mjadala. Kama mbwa alitakiwa kufungwa saa nne asubuhi na alikuwa njiani saa nne asubuhi, uzembe umeonekana.

Faini na fidia ni vitu viwili. Faini huingia mfuko wa kijiji, na lazima itolewe stakabadhi ya serikali. Fidia ni ya aliyeumizwa: nauli ya kwenda na kurudi kila tarehe ya chanjo, yeye na msindikizaji kama ni mtoto, gharama za matibabu, siku za kazi zilizopotea, na kuku au mbuzi aliyeuawa. Kwa maoni yetu nauli ndiyo ichunguzwe kwanza. Mtu wa Wampembe anayetakiwa kwenda kliniki mara tano anaweza kushindwa na boti kabla ya kushindwa na bei ya dawa, na chanjo iliyokatishwa kwa kukosa nauli haitofautiani sana na isiyoanzwa. Sheria ndogo iseme wazi kwamba mwenye mbwa anatoa nauli mara moja, na mabishano yasikilizwe baadaye.

Baraza la Kata, lililoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1985, kazi yake ni kusuluhisha, na mashauri mengi ya mbwa yanaishia vizuri pale, majirani wakiendelea kuazimana majembe. Yasiyosuluhika yaende Mahakama ya Mwanzo. Mtendaji asijifanye hakimu, na mgambo asichukue mbuzi wa mtu kuwa dhamana ya faini.

Aliyemchokoza mbwa aliyefungwa, au aliyevunja banda usiku, hawezi kudai sawa na mtoto aliyekuwa njiani. Mtoto mdogo, hata hivyo, asihesabiwe kuwa mchokozi.

Risasi na sindano

Kila baada ya tukio baya hutokea mtu anayetaka mbwa wote wauawe. Hasira yake inaeleweka, lakini njia hiyo haikomeshi kichaa. Wanaouawa kwanza ni wale wapole wanaosogelewa kwa urahisi, mara nyingi ndio waliochanjwa. Waoga hukimbia, na nafasi iliyoachwa hujazwa na vitoto wasio na kinga. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo katika kampeni moja, na kurudia kila mwaka, vitoto wakiwamo.

Jokofu limekuwa kisingizio cha miaka mingi katika vijiji vya mbali. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba chanjo ya mbwa ya Nobivac ilidumisha nguvu hata ilipohifadhiwa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Pwani ya Ziwa Tanganyika ina joto kuliko Sumbawanga, kwa hiyo chupa zisiachwe juani ndani ya boti, na uamuzi wa kuzihifadhi nje ya jokofu ni wa daktari wa mifugo. Lakini ukosefu wa umeme pekee si sababu ya kuiruka Wampembe.

Pemba ina funzo kwa watu wa majini. Baada ya kampeni za chanjo, kichaa kilitoweka kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 kilirudi, na uchunguzi wa vinasaba ulionesha kwamba kililetwa kutoka Tanzania Bara. Chanjo ya kisiwa kizima ikarudiwa, na mwaka 2018 kikakatika tena. Wampembe si kisiwa, lakini vyombo hufika hapa kutoka Kirando, Kipili na mbali zaidi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Sheria ndogo iweke sharti kwamba mbwa anayeshushwa mwaloni aoneshwe pamoja na cheti cha chanjo. Asiye nacho afungwe na achanjwe kabla hajapanda kijijini, gharama zikiwa za aliyemleta. Nahodha aliyempakia atoe jina la mwenye mbwa. Akidai hamjui, mbwa aandikwe kwa jina la nahodha, katika daftari lile lile, na tarehe aliyotia nanga.