SOMO LA KIKUNDI: TEMBE ZA DAMU NA KIKOMBE CHA CHAI



Mama mmoja mjamzito alikuwa anachoka upesi na kusikia kizunguzungu. Kliniki walimpima, wakaona damu ni kidogo, wakampa tembe za kuongeza damu. Baada ya wiki moja akaziacha. Choo kilikuwa cheusi, akaogopa. Na hizo chache alizomeza, alizimeza na chai!

Basi tushike haya:

1. Tembe hizi hufanya choo kiwe cheusi. Usiogope, meza kila siku. Zikisumbua tumbo, meza baada ya chakula cha jioni.
2. Chai na kahawa huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kunywa saa moja au mbili kabla au baada ya chakula na tembe.
3. Terere, maharagwe, ndengu, omena na nyama zina chuma. Kula pamoja na chungwa au pera.
4. Malaria na minyoo pia hupunguza damu. Kwa hivyo usikose kliniki. Ukihema hata ukiwa umekaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tujadiliane: Kwetu nyumbani chai hunywewa wakati gani? Baba atasaidiaje mama asisahau tembe?