Mtu si Nakala ya Mtu Mwenziwe

Mkulima wa migomba hapandi mbegu. Huchimbua chipukizi lililoota ubavuni pa mgomba mama, akalipanda mahali pengine, nalo hukua na kuzaa ndizi za namna ile ile. Kadhalika mihogo hupandwa kwa vipande vya miti yake, na viazi vitamu kwa marando. Mmea wa namna hii haukutokana na wazazi wawili waliochanganya urithi wao. Ni mzazi yule yule anayeendelea katika shina jipya. Wataalamu wa elimu ya viumbe huuita kloni, neno lililotoka katika Kigriki, ambalo maana yake ni tawi changa.

Twasema haya kwanza ili wasomaji wetu wasidhani ya kwamba kloni ni uchawi. Mwenyezi Mungu ameliweka jambo hili katika maumbile. Hata mapacha wanaofanana, waliotokana na yai moja lililogawanyika tumboni mwa mama yao, wana urithi ule ule mmoja. Lililo geni ni kwamba sasa binadamu amejua kulitenda kwa mikono yake katika wanyama wakubwa, na wako wanaouliza kama lisingefaa kutendwa kwa mtu pia. Watoto wetu husikia habari hizi shuleni na kurudi nyumbani na maswali. Yafaa wazazi wawe na jibu.

Kila mwili hai umejengwa kwa seli, nazo ni ndogo hata hazionekani kwa macho matupu. Ndani ya seli, isipokuwa za aina chache, mna kiini chenye maagizo ya urithi wote wa kiumbe. Zamani wengi walidhani ya kwamba seli ikiisha kuwa ya ngozi au ya utumbo haiwezi tena kuanzisha kiumbe kizima. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alionyesha kwa vyura kwamba yawezekana.

Kisha akaja kondoo Dolly. Katika Taasisi ya Roslin, karibu na mji wa Edinburgh huko Uskoti, Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walitwaa seli ya kiwele cha kondoo jike wa miaka 6. Wakatwaa yai la kondoo wa pili, wakaliondolea kiini chake, wakaliunganisha na seli ile kwa nguvu kidogo ya umeme. Mimba hiyo changa ikatiwa tumboni mwa kondoo wa tatu. Dolly akazaliwa tarehe 5 Julai 1996. Aliyembeba alikuwa na uso mweusi. Dolly alikuwa na uso mweupe, sawasawa na yule aliyetoa seli ya kiwele.

Msomaji asiipite upesi hesabu ya kazi hiyo. Mayai yaliyoandaliwa yalikuwa 277. Mimba zilizofaa kutiwa tumboni zilikuwa 29. Aliyezaliwa hai alikuwa mmoja tu. Baadaye walizaliwa kwa njia hiyo ng'ombe, nguruwe, farasi na mbwa, na mwaka 2018 wataalamu wa China walitangaza kuzaliwa kwa tumbili wawili. Lakini mimba nyingi ziliharibika, na baadhi ya wanyama walizaliwa wakubwa kupita kiasi au wenye mapafu na mioyo dhaifu.

Je, elimu hii ina faida? Inayo. Mfugaji aweza kuhifadhi uzao bora. Mnyama anayekaribia kutoweka aweza kusaidiwa: Desemba 2020 huko Marekani alizaliwa mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, kutokana na seli zilizohifadhiwa katika baridi kali tangu mwaka 1988. Mungu amempa mtu mamlaka juu ya mimea na wanyama, naye aweza kuyatumia, mradi asiwatese bure viumbe hao wala asisahau kwamba yeye ni msimamizi tu.

Tena awe na busara. Shamba la kloni moja lina udhaifu mmoja. Ndizi za aina ya Gros Michel zilijaza mashamba makubwa ya Amerika ya Kati; ulipoingia ugonjwa wa Panama, mgomba ulioshindwa mmoja ulikuwa sawa na migomba yote, na kufikia miaka ya 1960 biashara ya ndizi hizo ilikuwa imeanguka.

Sasa tuje kwa mtu. Hapa Kanisa limekataa waziwazi, kama ilivyoandikwa katika hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987, na tena katika Dignitas Personae ya mwaka 2008. Sababu zake hazitokani na kuogopa elimu. Mtoto ni zawadi inayopokewa na baba na mama katika upendo wa ndoa. Si chombo kinachoagizwa kwa fundi kwa kipimo cha mwenye kuagiza. Na kama kondoo mmoja alitanguliwa na majaribio 276 yaliyoshindwa, ni nani atakayethubutu kuhesabu hivyo uhai wa binadamu?

Wako wasemao, tusizae mtu. Tutengeneze mimba changa tu, tutoe seli za kuwaponya wagonjwa. Twajibu ya kwamba mgonjwa astahili kuponywa, lakini si kwa kuangamiza uhai wa mwingine. Na njia nyingine ipo. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha seli za ngozi ya panya katika hali ya uchanga bila kutumia mimba yoyote, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 yeye na Gurdon walipewa Tuzo ya Nobel.

Limebaki neno moja, nalo ni la wale waliofiwa. Mzazi aliyemzika mwanawe aweza kusikia habari hizi na kuwaza moyoni: je, angeweza kurudi? Twamwambia kwa upole, la. Mwaka 2001 huko Texas alizaliwa paka kloni. Yule aliyetoa seli alikuwa na mabaka ya rangi ya machungwa. Huyu hakuwa na rangi hiyo hata kidogo. Ikiwa manyoya ya paka hayarudi, moyo wa mtoto utarudije? Wazee wetu walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Angezaliwa mwingine, mwenye roho yake mwenyewe, akatwikwa mzigo wa kuishi maisha ya marehemu.

Wala tusikosee upande wa pili. Kama siku moja mtu angezaliwa kwa njia hiyo, kosa lingekuwa la waliomtengeneza, si lake. Angekuwa ndugu yetu, mwenye kustahili jina, Ubatizo na mahali mezani.

Basi, wazazi, mtoto akiuliza, msimfukuze. Mpelekeni shambani, mwonyesheni chipukizi la mgomba, mkamweleze habari za Dolly. Kisha mwambieni ya kwamba tangu dunia iumbwe hajapata kuwako mtu kama yeye, wala hatakuwako.