Kifafa na vitamini D: jua, samaki na tembe

Safari hii somo letu latoka kwenye swali. Vikundi vya Wasini na Mkwiro vimetuuliza: ati ni kweli vitamini huponya kifafa? Swali limeletwa na wachuuzi wanaovuka kwa mashua wakiwa na mikebe ya vidonge na unga. Bei yake ni kali, na kikundi kimoja kilikuwa karibu kutoa pesa za mzunguko kumnunulia mtoto wa mwanachama. Basi tumeonelea tujibu hapa ili wote wasome.

Jibu fupi ni hapana. (Kuna watoto wachanga wanaopata mitukutiko kwa kukosa kalsiamu mwilini, na hao hupona wakitibiwa upungufu huo. Hilo ni jambo la kupimwa hospitali, wala si kifafa tunachokizungumzia.) Lakini tusiishie hapo, kwa sababu mgonjwa wa kifafa kweli anahitaji vitamini D kuliko jirani yake.

Tuanze na dawa. Huko Nakuru madaktari waliwatibu watu 302 wenye kifafa kwa fenobabitoni au kabamazepini, dawa za kawaida kabisa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1991. Katika miezi sita ya pili, kiasi cha nusu ya waliomaliza hawakuanguka hata mara moja. Hao walikuwa watu wa vijijini kama sisi. Hata hivyo uchunguzi wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wengi wa wenye kifafa cha kuanguka hawakuwa wakitumia dawa. Hapo ndipo penye shida kubwa ya pwani yetu. Mchuuzi akimwambia mama, "Acha hizo za hospitali, tumia hizi," anacheza na roho ya mtu. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kushikwa na mitukutiko isiyokoma, na wako waliokufa hivyo.

Sasa vitamini D inaingiaje? Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hulifanya ini liichakaze vitamini D upesi kuliko kawaida. Mwili usipokuwa nayo ya kutosha haufyonzi kalsiamu vizuri kutoka kwenye chakula, na mifupa hulainika pole pole, kwa miaka. Mtu mzima huumwa mgongo, nyonga na mapaja, hata kuinuka kwenye kigoda ni kazi. Mtoto anaweza kuota matege. Tena huyu ndiye anayeanguka! Mwenye mifupa dhaifu akianguka kwenye sakafu au juu ya mawe ya matumbawe, kuvunjika ni rahisi. Watu wakiona anachechemea husema ni yale yale mashetani, kumbe ni mfupa.

Vitamini D nyingi hatuipati kwenye chakula, twaipata juani. Jua likipiga ngozi, mwili wenyewe huitengeneza. Mtu atauliza, Wasini jua litakosekanaje? Halikosekani, anayekosekana juani ni mgonjwa. Tumeingia nyumba ambamo kijana anakaa chumba cha ndani mwaka mzima kwa sababu ya aibu, au kwa kuogopa ataanguka mbele za watu. Huyo amenyimwa jua na dawa yake inamla vitamini hiyo kidogo aliyo nayo. Na kina mama wanaojistiri, buibui si kosa, ua upo. Uani mama anaweza kuanika mikono na miguu pasipo jicho la mtu.

Jua la alfajiri ni zuri kwa kuota tu, vitamini yake ni kidogo mno. Kipimo chepesi ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua hilo linafaa. Robo saa hadi nusu saa, mara kadhaa kwa wiki, bila kuungua. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiwi. Mgonjwa asikae peke yake, wala asiwekwe karibu na kisima, jiko au ukingo wa bahari.

Chakula nacho husaidia. Samaki wa mafuta kama vibua, jodari na dagaa wana vitamini D, na kiini cha yai kina kidogo. Dagaa akiliwa na miba yake huleta na kalsiamu, maziwa pia. Twajua samaki mnono huenda sokoni, lakini kibua mmoja abaki nyumbani kwa ajili ya mgonjwa. Mzee mmoja alituuliza kama sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, yanaweza kunywewa. Hapana, mzee wetu. Mafuta ya ini la papa huweza kuwa na vitamini A nyingi kupita kiasi, na hiyo hudhuru.

Tembe za vitamini D zipo na hazina ubaya zikitolewa na mganga wa kliniki. Mtu mzima wa kawaida huhitaji kama yuniti 600 kwa siku. Mgonjwa wa kifafa anaweza kuandikiwa zaidi. Asipite yuniti 4,000 bila daktari, kwani ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu, akatapika na figo zikaumia. Anayetumia fenitoini asimeze tembe za kalsiamu au dawa ya kiungulia pamoja nayo. Aachanishe kwa muda wa saa mbili hivi. Wanawake wanaoweza kupata mimba waulize juu ya foliki mapema, na anayetumia valproeti amwone daktari kabla ya kushika mimba, maana dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ramadhani ikikaribia, mgonjwa apange na kliniki saa za dawa, asiruke. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga.

Kuhusu zile pesa za mzunguko, ushauri wetu ni huu: lipeni nauli. Mashua hadi Shimoni, na matatu hadi hospitali ya Msambweni, mwenzake mmoja akimsindikiza na mkebe wa dawa alizo nazo mkononi. Ombeni dawa za miezi miwili kwa safari moja kama zipo.

Ya kujadili kikundini:
Katika mtaa wetu ni nani mwenye kifafa ambaye hatujamwona nje mwezi huu, na nani atakwenda kumpigia hodi?
Nani anaweza kukaa naye uani juani, siku zipi?
Nauli ya kwenda na kurudi Msambweni kwa watu wawili ni ngapi, na kila mwanachama atoe nini?