Mchezo wa Hoki: Jinsi ya Kuwapanga Wafungaji na Walinzi

Mtu akifika Tabaka, kusini-magharibi ya mji wa Kisii, ataona jinsi kazi ya mawe laini inavyogawanywa. Wako wachimbaji wanaoshuka shimoni na kuleta jiwe. Wako wachongaji wanaolifanya liwe kiboko, au sahani, au sanamu ya mtu. Tena wako wengine, wengi wao wanawake, wanaolisugua kwa maji na msasa hata ling'ae. Mnunuzi humsifu mchongaji. Lakini jiwe likiletwa na ufa, au lisiposuguliwa vema, mchongaji hapati sifa wala fedha.

Somo letu la leo ni la hoki, yaani mpira wa magongo, na jambo lenyewe ni hilo hilo. Afungaye goli ndiye asifiwaye. Na kwa ajili ya sifa hiyo walimu wengi huziharibu timu zao siku ile ile ya kuchagua wachezaji.

KOSA LENYEWE

Tuseme mwalimu ana vijana 16, na katika hao watatu ni hodari wa kufunga. Mwalimu huyo awaweka wote watatu mbele. Wale wasiojua sana kuongoza mpira awasukumia nyuma, kana kwamba ulinzi ni kazi ya waliokosa kazi. Katika kipindi cha kwanza mambo huenda vizuri, magoli mawili hupatikana, na watazamaji hushangilia. Lakini kipindi cha tatu wale watatu wamechoka. Mpira ukiwapotea, husimama wakiutazama unakwenda. Adui hupita katikati bila kuzuiwa, na mabeki wawili hukabiliwa na watu wanne. Mchezo ukiisha kwa kushindwa, lawama zote humwangukia golikipa na mabeki.

Hilo si haki, tena si kweli. Timu haikushindwa nyuma; ilishindwa katika karatasi ya mwalimu kabla mchezo haujaanza. Na kijana aliyelaumiwa bure leo, kesho hataki tena kushika gongo.

TUANGALIE SHERIA KWANZA

Hoki huchezwa na watu 11 kila upande, pamoja na golikipa. Mchezo kamili sasa una vipindi vinne vya dakika 15 kila kimoja. Wachezaji wa akiba huweza kuingia na kutoka mara nyingi wapendavyo, bila kusimamisha mchezo. Aliyetoka aweza kurudi. Hapa hoki si kama kandanda, ambapo mtu akitolewa hawezi kurudi tena.

Zamani karibu timu zote zilipangwa namna moja: mafowadi watano, mahafubeki watatu, mabeki wawili, na golikipa. Katika miaka ya 1990 sheria ya kuotea iliondolewa. Tangu hapo fowadi aweza kusimama karibu kabisa na goli la adui, na kwa hiyo beki hawezi tena kupanda mbele akitumaini kwamba filimbi itamwokoa. Mpango wa watu watano mbele umekuwa hatari, na timu nyingi zimeongeza watu wa katikati.

WAFUNGAJI WATATU WAWEKWE WAPI?

Turudi kwa mwalimu wetu na vijana wake watatu. Yafaa afanye hivi.

Wa kwanza, aliye mwepesi kuliko wote, na awe fowadi. Lakini apewe kazi ya ulinzi iliyo wazi: mpira ukichukuliwa na beki wa adui, yeye ndiye wa kwanza kumkabili, ili beki yule asipate nafasi ya kupiga pasi ndefu. Asiambiwe tu, "Saidia nyuma," maana neno hilo halina kipimo. Aambiwe ni mtu gani amkabili, na ni mahali gani aachie mwenzake.

Wa pili na awe katikati. Kutoka hapo aweza kufika mbele kwa kufunga, na aweza kurudi kwa kuzuia. Kwa kawaida huyu ndiye achokaye upesi kuliko wote, basi apumzishwe dakika chache katika kila kipindi.

Wa tatu na aanze mchezo akiwa nje. Wengi watashangaa na kusema, "Mbona mtu hodari anakalishwa?" Hakukalishwa, amewekwa akiba. Wa kwanza anapotoka kupumua, huyu huingia na miguu mibichi, naye adui aliyedhani amepata nafuu hukuta shida mpya. Hivyo hakuna dakika ambayo timu haina mtu wa kufunga, wala hakuna dakika ambayo wafungaji wote wamechoka pamoja.

Na nyuma wasiwekwe waliobaki. Beki mmoja walau awe mtu wa kupiga mpira kwa usahihi, kwa maana mashambulio mengi huanzia miguuni pake. Beki akipiga ovyo, fowadi hata awe hodari namna gani atabaki akikimbiza upepo.

KONA YA ADHABU

Hapa ndipo mpango wa mwalimu hupimwa kweli. Walinzi wakifanya kosa ndani ya nusu duara yao, mwamuzi huweza kutoa kona ya adhabu. Walinzi watano tu, pamoja na golikipa, husimama nyuma ya mstari wao. Wenzao wengine huenda mpaka upande wa pili wa mstari wa katikati. Mshambuliaji mmoja husukuma mpira kutoka mstari wa mwisho, mwingine huuzuia nje ya nusu duara, wa tatu hupiga. Ikiwa pigo hilo la kwanza la golini ni la kupiga kwa nguvu, mpira usizidi kimo cha sentimita 46 unapofika kwenye mstari wa goli.

Sasa sikilizeni vizuri. Kona hiyo ikiisha kutolewa, hairuhusiwi kubadili wachezaji mpaka imalizike, isipokuwa golikipa wa upande unaojilinda akiumia au akishindwa kuendelea. Maana yake ni nini? Ni kwamba mpigaji wako wa kona akiwa nje anakunywa maji, huwezi kumwita. Na wale wanne wanaojua kukimbia mbele ya mpira pasipo woga wakiwa nje, goli lako liko wazi.

Kwa hiyo mwalimu asihesabu wachezaji 11 tu. Katika kila dakika ya mchezo na ajiulize maswali mawili. La kwanza: je, uwanjani sasa yuko msukumaji, na mzuiaji, na mpigaji? La pili: je, uwanjani sasa wako wanne wa kusimama pamoja na golikipa? Kama jibu la swali moja ni hapana, amekosea katika kubadilishana. Dawa yake ni kufundisha wapigaji wawili, wazuiaji wawili na walinzi wa kona sita au saba, wala wasitoke wote kwa wakati mmoja.

Kadi nazo zisisahauliwe. Kadi ya kijani humtoa mchezaji kwa dakika 2, na ya manjano kwa dakika zisizopungua 5, wala mwingine haruhusiwi kujaza nafasi yake. Timu ambayo fowadi wake hajawahi kufundishwa kulinda, siku hiyo itajuta.

MFANO WA KENYA

Kenya ilipeleka timu ya hoki katika Michezo ya Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1956 huko Melbourne, na mwaka 1964 huko Tokyo ikapata nafasi ya 6. Mwaka 1971 mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia yalifanyika Barcelona, katika nchi ya Hispania. Kenya ikafika nusu fainali. Hispania, waliokuwa wenyeji, waliishinda kwa goli 1 kwa 0. Kisha katika kuwania nafasi ya tatu India waliishinda kwa magoli 2 kwa 1, tena baada ya muda wa nyongeza. Kenya ikawa ya nne ulimwenguni.

Tuzihesabu namba hizo. Katika michezo miwili mikubwa, mbele ya mataifa mawili yenye nguvu, Kenya ilifungwa magoli 3 tu. Nayo ilifunga goli 1. Hatusemi kwamba timu ile haikuwa na wafungaji, maana bila wao isingefika nusu fainali. Lakini namba zenyewe zafundisha: ulinzi mwema hukufikisha mlangoni, na goli moja la ziada ndilo hufungua mlango. Pande zote mbili zinahitajiwa.

Na mtu asidhani kwamba mlinzi hasifiwi kamwe. Avtar Singh Sohal alikuwa beki, naye aliichezea Kenya katika Olimpiki nne, tangu 1960 hata 1972. Watu wa hoki wanamkumbuka mpaka leo, na kazi yake ilikuwa kuzuia.

NENO LA MWISHO KWA WALIMU

Katika nchi ya vilima na mvua kama Gusii, viwanja vingi vya shule ni vya majani na vingine vina mteremko. Upande mnaoshambulia kwa kupanda, ongezeni mtu wa katikati, maana mpira ukipotea utawarudia kwa kasi. Mnaposhambulia kwa kuteremka, ongezeni fowadi. Wala msimwambie mtoto, "Wewe huwezi, kaa nyuma." Mwambieni, "Nyuma pana kazi, nami nimekuchagua kwa kazi hiyo." Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini haifai kuwaweka wafungaji wote mbele kwa wakati mmoja?
2. Kona ya adhabu ikitolewa, ni mchezaji gani tu aweza kubadilishwa, na kwa sababu gani?
3. Andika majina ya timu ya shule yako. Weka alama kwa kila mtu ajuaye kupiga kona, na alama nyingine kwa ajuaye kuilinda. Je, ukiwatoa watatu wo wote, alama zinazobaki zatosha?