Kufuli Lipo, Pesa Hazipo

Barua za safari hii, kutoka Konde hadi Mkoani, karibu zote ni za usalama wa vivinjari. Za kubadilisha nenosiri nimeziweka kando. Nimejibu zilizonikera na zilizonitia wasiwasi.

*Fundi wa simu hapa Wete anataka pesa aniwekee HTTPS Everywhere. Nimlipe?*

Usimlipe. Kiendelezi hicho kilitolewa na Electronic Frontier Foundation na Tor Project mwaka 2010, mwaka ule ule Pemba ilipopata umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga. Siku hizo hata tovuti zenye njia ya siri (HTTPS) zilikupitisha kwenye HTTP ya wazi, na aliyekaa kwenye Wi-Fi moja nawe aliweza kuingia katika akaunti yako ya Facebook bila kujua nenosiri. Kiendelezi kilikuwa na orodha ya tovuti na kukugeuzia njia. Leo kivinjari chenyewe kinaifanya kazi hiyo, Firefox tangu 2020 na Chrome tangu 2021, na waliokitoa wakakistaafisha Januari 2023. Tena Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Huyo fundi anakiweka wapi? Bonyeza nukta tatu, ingia Mipangilio, kisha Faragha na usalama, uwashe sehemu ya kutumia miunganisho salama kila wakati. Bure.

*Kwenye kompyuta nimeona kiendelezi kingine chenye jina kama hilo. Nikiweke?*

La.

*Tovuti ilikuwa na kufuli, nikajaza namba ya siri, pesa zikaondoka. Kufuli lina faida gani basi?* (Barua kadhaa, Chake Chake na Kengeja.)

Hili nitalisema mpaka nikauke koo. Kufuli linalinda njia, halimjui mwenye nyumba. Gunia lililoshonwa vizuri mdomo linakuhakikishia kwamba halikufunguliwa melini. Halikuambii kama ndani mna karafuu au makonyo. Tapeli naye anapata cheti cha HTTPS, tena bure na kwa dakika chache, kwa sababu anayekitoa huuliza jambo moja tu: je, jina hili la tovuti liko mikononi mwako? Tabia zako haziulizwi. Ndiyo maana mwaka 2023 Chrome iliiondoa alama ya kufuli kwenye kompyuta: watu waliisoma kama muhuri wa uaminifu.

Soma jina badala ya alama. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha rudi nyuma kushoto. Tovuti ya serikali huishia na .go.tz hapo hapo kabla ya mkwaju. Ikiwa ni mikopo-go-tz.com, hiyo ni .com ya mtu yeyote aliyevaa kanzu ya serikali. Na kiungo kilichokuja kwa ujumbe mfupi usikifungue. Upeleke ujumbe wenyewe kwa namba 15040.

*Onyo linatokea kwamba muunganisho si wa faragha. Jirani anasema nibonyeze tu niendelee.* (Barua nne zimeuliza hili, nazijibu pamoja.)

Jirani asikufundishe. Kwanza tazama saa na tarehe ya simu: ikirudi nyuma miaka baada ya betri kufa, kila cheti huonekana kibovu. Kama uko kwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni, huenda ukurasa wao wa kuingilia ndio unaokatiza. Ingia kwanza kwa njia yao. Ikiwa saa ni sahihi na uko kwenye bando lako, ondoka. Kwenye tovuti ya benki usiendelee kabisa.

*Mwenye Wi-Fi ataona nenosiri langu?*

Kwa HTTPS, haoni. Ataona jina la tovuti na saa uliyoingia.

*VPN ya bure haitoshi?*

Umemkimbia mwenye Wi-Fi ukamkabidhi usiyemjua.

*Tovuti ya ofisi yetu bado ni HTTP. Mkuu anasema haina siri.*

Haina siri, na fomu yake inaomba namba ya NIDA? Tena ukurasa wa wazi hubadilishwa njiani. Tunisia, kabla ya Januari 2011, msimbo ulipachikwa kwenye ukurasa wa kuingilia Facebook ili kunasa manenosiri, na Facebook ikalazimika kuwahamishia watu wa huko kwenye HTTPS. Let's Encrypt inatoa vyeti bure tangu 2015. Cha siku 90 hujihuisha chenyewe kikishapangwa. Mwambie mkuu wako hakihitaji bajeti wala kikao.