Somo la Familia: Likizo ya Watoto na Usalama Ziwani

Likizo za Juni na Desemba humpa mzazi nafasi ya kuwaonesha watoto nchi yao bila kwenda mbali. Makumbusho ya Wasukuma yapo Bujora, Kisesa. Ndani ya Jiji la Mwanza kuna Kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013.

Saanane hufikiwa kwa boti, hivyo mpango na uanzie majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 200. Kabla ya kulipa nauli, hakikisha kila abiria ana jaketi okozi, na la mtoto linamtosha na limefungwa. Chombo kikijaa, subiri kingine. Ufukweni, usiwaache watoto waoge penye maji yaliyotuama na majani mengi: humo huishi konokono waenezao kichocho.

Zoezi: Jioni ya kuamkia safari, kaa na watoto muorodheshe nauli, viingilio, chakula na saa ya kurudi. Mtoto aliyeshiriki kupanga huelewa aambiwapo, "Tusubiri."